Keekee, Mvua na Mkono wa Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua kuandika kwa sababu nikiendelea kusema nitagombana na ukoo mzima.

Kazi ya uzio wa bwawa imeanza leo. Mashimo mia sita na arobaini kulizunguka bwawa la maji ya mji, kila shimo mita moja kwenda chini, na yote yawe yamekwisha kabla mvua kubwa haijaugeuza udongo kuwa uji. Mtambo tulio nao ni mmoja, kitingatinga kidogo, kile kinachogeuka papo hapo kiliposimama. Kaka yangu alikinunua kikiwa kimeshatumika, na dereva wake ni mimi. Mbele yake tunafunga tunachohitaji: ndoo ya kuzolea, nyundo ya kuvunjia mawe, au keekee, ile skrubu nene ya kutobolea ardhi. Nyundo na keekee zinaendeshwa na mafuta ya haidroli yanayopita kwenye mipira miwili kwa presha kubwa mno. Mkufunzi wetu alituambia presha hiyo hupenya ngozi ya mtu kabla hajajua kama ameguswa.

Fundi wa mtambo ni mume wangu. Kwa hiyo bosi ni kaka, fundi ni mume, na mimi nimekaa katikati. Kaka hawezi kumgombeza shemeji yake. Mume wangu hawezi kumkatalia shemeji yake. Heshima imejaa tele, na kila neno gumu linapitia kwangu. "Mwambie mumeo," anasema huyu. "Mwambie kaka yako," anasema yule. Watu wananiambia nina bahati kufanya kazi na watu wangu. Waje wanipokee wiki moja tu.

Mashimo kumi na nane.

Jumanne, 4 Machi

Mashimo ishirini na sita. Mgongo si wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepanda mtamboni nikakuta chuma cha mapajani kimefungwa kwa waya.

Hicho chuma ndicho kinachonilinda. Ukikaa unakishusha mapajani, mtambo unakubali kufanya kazi. Ukikiinua ili ushuke, kila kitu kinazima: mikono ya mtambo inakwama ilipo, keekee inaacha kuzunguka. Ukikifunga kwa waya, mtambo unadhani dereva yupo kitini hata akiwa amesimama chini anachungulia shimo, na keekee inamzungukia miguuni.

Nikamuuliza Kipimo nani amefanya hivi. Kipimo ndiye anayepima kina cha mashimo kwa fimbo yenye alama nyekundu, mtu mzima mwenye maneno mengi, ila leo maneno yalimpungukia. Akanielekeza kwa fundi kwa kidevu.

"Shemeji alitaka," mume wangu akasema. "Anasema unapoteza muda kushuka na kupanda. Nimkatalie vipi mtu aliyenipa mke?"

Nikamwendea kaka.

"Mimi niliuliza tu kama inawezekana," akasema. "Sikumwamuru. Siwezi kumwamuru shemeji yangu."

Basi waya umejifunga wenyewe. Nimeukata kwa koleo mbele yao wote wawili, nikautupa. Jioni mezani mume wangu akaniambia nimemwaibisha. Nikamwambia angeaibika zaidi kwenye mazishi yangu. Binti yetu akatutazama mmoja baada ya mwingine kama anayefuatilia mpira wa meza.

Jumatatu, 10 Machi

Tulikutana na mwamba upande wa mashariki, tukavua keekee tukafunga nyundo, saa sita tukavua nyundo tukarudisha keekee. Kila nikibadilisha nashuka kuangalia kwa macho yangu pini mbili za chini zinazokishika kifaa. Wenzo, ule mkono wa chuma unaozisukuma pini, unaweza kulala vizuri kabisa, ukakuonyesha kila kitu kimeshika, kumbe tope limejaa kwenye tundu na pini haikupita. Kaka anauita huo ukaguzi wangu wa mahakama.

Leo pini ya kushoto ilikuwa imening'inia nje. Keekee nzima, uzito wa watu watatu, imeshikwa upande mmoja. Nikamwita kaka aje aone.

Akainama, akatazama, akajifuta jasho. "Lakini haikuanguka," akasema.

Nikakwangua tope tunduni, nikaigonga pini mpaka ikapita.

Jumatano, 12 Machi

Keekee ilibaki juani tangu asubuhi. Mafuta yaliyomo yakapata moto, yakatanuka, viungio vya mipira vikakataa kuingiana. Badala ya kumwita fundi, Kipimo akachukua nyundo ya mkono akagonga kichwa cha kiungio. Mafuta yakamrukia kifuani. Bahati yake yalikuwa yaliyobaki tu, hayana nguvu, yakaishia kwenye shati.

Nikawakusanya nikawaeleza tena, kwa mara ya ngapi sijui. Unashusha mikono ya mtambo mpaka chini. Unazima injini. Unachezesha swichi ya haidroli huku na huku ili presha itoke. Unasubiri. Ndipo unagusa. Kipimo akauliza kusubiri muda gani. Nikamwambia muda wa kuvuta sigara moja. Akasema havuti. Wote wakacheka, na somo langu likaishia hapo.

Mume wangu akaja, akakilegeza kiungio kidogo kidogo kwa kitambaa na subira, mipira ikaingiana bila tone kudondoka. Nisiwe mnyimi wa haki: mikono yake sijaiona kwa fundi mwingine. Anaweza kupapasa boliti gizani akakuambia ni ya namba ngapi. Lakini ni mikono hiyo hiyo inayoniudhi. Akitafuta mpira unaovuja, anaupitishia kiganja huku injini inanguruma. Nimemwambia mara mia atumie kipande cha boksi. Unakisogeza karibu na mpira, mafuta yakiruka yatachora kwenye boksi, mkono wako uko mbali.

"Boksi halijui kutofautisha mafuta na jasho," akanijibu. "Mikono yangu ina macho."

Juzi nilimwekea boksi zuri, nimelikata mwenyewe, ndani ya sanduku lake la spana. Leo nimelikuta limewekewa birika la chai.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mashimo sifuri. Kaka amepiga simu mara nne kuniuliza kama mvua imekata, na yeye anaishi nyumba tatu kutoka kwangu.

Jumatatu, 17 Machi

Kipimo amekuja na koti la mvua refu mpaka visigino, mikono yake mipana, mikanda inaning'inia. Anasogea na fimbo yake keekee ikiwa bado inazunguka, anataka kupima kabla sijaitoa ardhini ili tuokoe muda. Mkanda mmoja ukishikwa na skrubu hiyo, mwenye koti anafuata. Nikazima. Akarudi nyuma. Nikawasha, akasogea. Nikazima. Tulicheza mchezo huo mara sita.

"Dada, unaniogopea bure," akasema. "Mimi nimezoea."

Hilo ndilo neno ninalolichukia kuliko yote hapa kazini. Kila mtu amezoea. Nikamwambia avue koti au akae hatua tano. Akachagua kununa. Mashimo kumi na tisa tu, na kaka ananitazama kana kwamba mvua nimeileta mimi.

Jumatano, 19 Machi

Sitasema na mume wangu. Nimeapa.

Asubuhi nilimwona tena akipapasa mpira wa nyundo injini ikiwaka. Nikazima bila kumwonya. Akageuka, na mbele ya Kipimo, mbele ya wabeba nguzo wote, akasema kwa sauti: "Dereva wetu anaogopa hata kivuli cha mpira."

Walicheka. Kaka naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Kumi na saba. Miaka kumi na saba ya ndoa, na mtu anachekesha watu kwa mgongo wangu. Nikapanda mtamboni, nikafanya kazi. Tangu saa hiyo akitaka kitu anamtuma Kipimo, nikitaka kitu namtuma Kipimo. Nyumbani tunamtumia binti. "Mwambie baba yako chakula kipo." Baba yake yuko mita mbili.

Alhamisi, 20 Machi

Mashimo thelathini na moja! Hatujawahi kufika hapo.

Saa tisa hivi niliona mpira mmoja wa keekee unatoa jasho la mafuta karibu na kiungio. Yalikuwa yamebaki mashimo tisa kufika kona, wingu limekaa juu ya vichwa vyetu, na fundi alikuwa amekwenda mjini kutafuta chujio. Nilishusha, nikazima, nikatoa presha, nikasubiri, yote kama inavyotakiwa. Kisha nikakata vipande vya tyubu ya baiskeli nikaufunga pale, mzunguko juu ya mzunguko, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Jasho likakata. Nikamaliza kona. Kaka alinipigia makofi kutoka ng'ambo, na nisidanganye, nilifurahi.

Nitamtuma Kipimo amwambie fundi kesho abadilishe mpira.

Jumapili, 23 Machi

Ya Ijumaa naandika leo kwa kuwa tangu siku hiyo nimekuwa hospitalini.

Asubuhi keekee ilikuwa haina nguvu. Inazunguka, ikikutana na udongo mgumu inakata tamaa. Nikamwambia Kipimo amwite fundi. Nilikuwa nimekusudia kumpa na habari ya tyubu, lakini Kipimo alikuwa ameshageuka anakwenda, nikaona nitasema akirudi. Mume wangu akaja, hakunitazama usoni. Akanipa ishara kwa kidole: endesha.

Nikaendesha. Akaanza kupitisha mkono kwenye mpira, kutoka kwenye keekee kuja kwangu. Ile tyubu ilikuwa imepakwa tope, rangi moja na mpira wenyewe, huwezi kuitambua usipokuwa unajua. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimekaa juu, nimeshusha chuma mapajani, dereva wa mfano, nautazama mkono wake unakaribia. Nilifungua mdomo nimwambie aache. Nikakumbuka vile vicheko. Nikaufunga.

Ilikuwa pumzi moja tu. Nilijiambia ataiona mwenyewe, na akiiona atanyamaza kwa aibu maana atajua nimefanya kazi yake. Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Akauvuta mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria.

Nilizima. Nikaruka chini. Alikuwa anaangalia kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Palikuwa na kitone, chekundu, kidogo kuliko tundu la sindano. Damu haikutoka. Akakinyonya, akatema, akacheka.

"Mwiba," akasema.

"Tunaenda hospitali."

Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu Jumatano.

"Kwa mwiba huu?"

"Kwenye mpira hakuna mwiba. Yameingia mafuta."

Alinitazama, nikaona kwamba na yeye anajua. Fundi wa miaka yote hiyo hawezi kutojua. Lakini kaka alikuwa ameshafika, na mbele ya shemeji yake hakuna maumivu.

"Haiumi," akasema. "Tuendelee."

"Umesikia," kaka akaniambia. "Mpake dawa, akae kivulini kidogo. Wingu lile hulioni?"

"Naomba funguo za gari, kaka."

"Mdogo wangu, shemeji mwenyewe anasema haiumi."

"Anasema hivyo kwa sababu wewe umesimama hapo. Na wewe unasema hivyo kwa sababu yeye hajalalamika. Mtaheshimiana mpaka mkono ukatwe. Nipe funguo."

Sijawahi kumsemesha kaka yangu hivyo tangu nizaliwe. Akaniwekea funguo kiganjani.

Kwenye zahanati mganga alikitazama kidole, akakibonyeza, akaniambia ni kijidonda, atampa dawa ya maumivu na arudi Jumatatu. Saa moja ilikuwa imeshapita. Kidole kilikuwa kimeanza kujaa, ngozi imekaza na kung'aa. Nikamwambia mganga kwamba mafuta ya haidroli yamesukumwa ndani kwa presha, kwamba yanasambaa chini ya ngozi na kuozesha nyama, kwamba dawa yake ni kupasuliwa leo. Akaniuliza kama mimi ni muuguzi. Nikamwambia mimi ni dereva wa kitingatinga. Akatabasamu. Nikamwomba apige simu hospitali kubwa awaeleze maneno hayo hayo, na nikakataa kuondoka mlangoni mpaka apige. Alipiga. Nikamwona tabasamu linamtoka huku anasikiliza. Aliandika barua ya rufaa mkono ukikimbia.

Njiani mume wangu alikuwa amekishika kifundo cha mkono kwa mkono mwingine, amekiinua juu kifuani. Nusu ya safari alinitania kwamba naendesha gari kama kitingatinga. Nusu ya pili utani ulikwisha. Nilipomwangalia jasho lilikuwa linamtiririka na macho ameyafumba, na uvimbe ulikuwa umetoka kidoleni ukafika kiganjani. Nilitaka kumwambia kuhusu tyubu. Nilijiambia si wakati wake.

Walimpasua jioni hiyo. Jumamosi wakamrudisha chumba cha upasuaji tena. Kidole cha shahada kimeondolewa chote, kuanzia kwenye shina lake, na kiganja wamekifungua na kukisafisha. Daktari, mama mmoja mfupi anayesema polepole, alinieleza ukumbini. "Mkono tumeuokoa," akasema. "Mngesubiri mpaka Jumatatu, leo tungekuwa tunazungumzia kiwiko." Kisha akanishukuru kwa kumleta mapema.

Alinishukuru, mimi.

Jumanne, 25 Machi

Kaka ameukagua mtambo na kukuta tyubu. Amemfukuza Kipimo.

Nimeambiwa kwa simu nikiwa hospitalini. Kaka anasema hakuna mwingine mwenye akili za kufunga mpira wa presha kwa tyubu ya baiskeli, maana ni yule yule aliyegonga kiungio kwa nyundo. "Angeniulia shemeji," akasema. Kaka yangu alilia kwenye simu. Sikujua kama anampenda hivyo. Miaka yote nilidhani wanaogopana tu.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Pole, kaka."

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Mtambo umesimama. Mume wangu amekula uji kwa mkono wa kushoto, nusu umeishia kwenye shuka. Hakutaka nimlishe.

Jumanne, 1 Aprili

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Mkono umefungwa bandeji mpaka karibu na kiwiko. Asubuhi alitaka kuvaa shati mwenyewe, akapambana na kifungo kimoja kwa mkono wa kushoto muda mrefu mpaka nikashindwa kutazama, nikaenda kumfunga. Nilipofika kifungo cha tatu nikamwambia.

Nilimwambia yote. Kwamba tyubu nilifunga mimi Alhamisi ili nimalize kona. Kwamba nilitaka kumtuma Kipimo, nikaacha. Kwamba nilipouona mkono wake unakaribia nilifungua mdomo, kisha nikaufunga kwa sababu aliwachekesha watu kwa mgongo wangu.

Alisubiri nimalize. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Uliuona mkono wangu?"

"Niliuona."

Akauondoa mkono wangu kwenye shati, taratibu, kwa ule wa kushoto. Akatoka nje vifungo viwili vikiwa wazi, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Binti akaniuliza baba ana nini. Nikamwambia anaumwa.

Jumatano, 2 Aprili

Nimekwenda kwa kaka kumwambia. Akaanza kunitafutia njia. Kwamba mpira ulikuwa mbovu tangu mwanzo. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa akituharakisha. Kwamba mambo ya ndani yabaki ndani.

"Na Kipimo?" nikauliza.

"Kipimo tutamwona baadaye."

Nilipandwa na hasira niliyokuwa sijaisikia siku nyingi, na ilikuwa afadhali kuliko kile nilichokuwa nacho moyoni. Nikamwambia sitapanda mtamboni mpaka Kipimo arudi, na atakayemrudisha ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Kisha nikaenda nyumbani kwa Kipimo kabla yake. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikamwambia. Akaendelea kuchonga.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Nilikuona unaifunga."

"Mbona hukumwambia bosi?"

"Dada wa bosi, mke wa fundi. Ningemwambia nani?"

Msimu mzima nimekuwa nikilalamika humu kwamba kila neno linapitia kwangu. Sikuwahi kujiuliza yule ambaye neno lake linanihusu mimi alipitishe wapi.

Jumamosi, 5 Aprili

Kipimo amerudishwa. Amekuja bila koti la mvua na amelowa chapachapa. Mtambo bado umesimama, mpira mpya haujafungwa.

Mume wangu hajanisemesha. Hata binti hamtumi. Akitaka maji anakwenda kuyachukua.

Alhamisi, 10 Aprili

Siku ya tisa hajanisemesha. Mvua imepungua. Bandeji imekuwa ndogo. Nimemwona akijaribu kushika spana mbele ya dirisha, akiigeuza, ikimponyoka, akiinama kuiokota. Mara nne. Sikwenda.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo amekuja kazini. Sikujua kama atakuja. Alifika kwa miguu nyuma yangu, tumeachana hatua thelathini kama watu wasiojuana.

Kaka alikuwa ameleta habari ya fundi mwingine, kijana wa gereji ya mjini, aje afunge mpira ili kazi iendelee. Alikuwa ananieleza mimi, ili mimi nimweleze mume wangu, ambaye alikuwa amesimama pale pale anasikia. Mume wangu hakunisubiri.

"Hapana, shemeji," akasema. "Fundi ni mimi."

Nilidhani masikio yangu yananidanganya. Kaka naye alidhani yake yanamdanganya. Akatazama bandeji, akatafuta namna ya kulisema bila kulisema.

"Mikono atatoa huyu," mume wangu akasema, akanielekeza kwa kidevu.

Nikasogea. Akasimama upande wa kulia wa mtambo, mkono mbovu ameukumbatia kifuani, akaanza kutoa maagizo, akimwambia Kipimo ili Kipimo aniambie. Keekee ishushwe mpaka chini. Nikapanda, nikaishusha. Injini izimwe. Nikazima. Swichi ichezeshwe. Nikachezesha, kulia, kushoto, kulia. Kipimo alikuwa anayarudia maneno neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayetamani kuwa mahali pengine.

Nikashuka na spana. Nikanyoosha mkono kwenye kiungio.

"Bado," Kipimo akasema, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa.

Tukasubiri. Wabeba nguzo walikuwa wamesimama. Kaka aliangalia saa, akaiona bandeji, akashusha mkono. Bwawa limejaa mpaka ukingoni na maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Nilisikia injini ikipoa, chuma kinatoa vimlio vidogo. Ilipita dakika, zikapita mbili. Mkono wangu ulikuwa bado uko hewani, kidole cha shahada kimenyooka mbele, na nikaona anakiangalia. Nilitaka kukikunja. Sikukikunja. Dakika tano nzima amenisimamisha hivyo mbele ya watu wote, na nadhani ingekuwa saa nzima ningesimama.

Kisha akasogea karibu, akampita Kipimo, akasimama pembeni yangu kabisa.

"Sasa gusa," akaniambia.

Niligusa. Mpira ulikuwa wa baridi na mlegevu, hauna kitu ndani. Nikaanza kulia nikiwa nimeushika, machozi na kamasi, mbele ya kaka, mbele ya wabeba nguzo.

"Utalia ukimaliza," akasema mume wangu. "Legeza kwanza huo wa chini."